Kesi ya Mapipa Manne ya Tope

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Waliosema hivyo hawakuwahi kufanya kazi kwetu. Mimi nina miaka ishirini na mbili nazoa maji yaliyomwagwa na mji mzima: ya kuogea, ya kufulia, ya vyombo, na yale ambayo mtu akishayavutia maji chooni ananawa mikono na kutoka anatabasamu kana kwamba si yeye. Ni wewe. Yote yanafika kwangu.

Mimi ni fundi wa mtambo wa majitaka. Ukipita barabara ya juu ukajikuta unafunga vioo vya gari, ujue umepita kazini kwangu. Ndugu za mume wangu wakiulizwa mke wa kaka yenu anafanya kazi wapi, wanajibu, "Yuko mambo ya maji," halafu wanauliza habari za mvua.

Kazi yenyewe nitaieleza mara moja tu, maana usipoielewa hutanionea huruma, na mimi huruma naitaka. Maji machafu yanaingia kwa mfereji, yanapita kwenye chekeche la vyuma linalokamata matambara, mifuko, na siku moja moja meno ya bandia. Yakitoka hapo yanaingia kwenye tangi kubwa la hewa. Humo ndimo wamo wafanyakazi wenyewe: wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, wamejaa kwenye tope la kahawia. Mashine inawapulizia hewa, wao wanakula uchafu. Tope likienda tangi la pili linatulia chini, maji yanabaki juu, safi. Tope tunalirudisha kazini, maji yanakwenda kwenye bwawa la mwisho kupigwa jua, kisha yanashuka kwa bomba mpaka bustanini. Kazi yangu ni kuwalisha hao wadudu, kuwapa hewa, na kuwakinga na wajinga. Hilo la tatu ndilo linalonizeesha.

Bustani ni ya dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa. Anaotesha miche: ya matunda, ya mbao, ya kivuli. Amesomesha watoto wanne kwa maji yangu, na hana kisima wala mto. Bomba letu likimletea uchafu, dada yangu amekwisha.

Basi tukaletewa bosi mpya. Huyu alikuwa idara ya sherehe, miaka saba anapanga viti na mahema. Siku ya kwanza alishuka garini na leso puani na kichupa mkononi, akawa anapuliza mbele yake, hatua moja, pfff, hatua moja, pfff, mpaka ofisini. Kabla ya saa sita mchana alishapata jina: Bwana Marashi. Nami nikajisemea, la kuvunda halina ubani, baba, utamaliza duka zima.

Kitu kimoja alikijua vizuri, nacho ni wezi. Alifunga kalamu za mapokezi kwa kamba. Mama anayefagia alipobeba ufagio uliokwisha akafagilie kwake, Bwana Marashi akaitisha kamati ya nidhamu, watu watatu na karani, kwa ajili ya ufagio! Hukumu ikabandikwa ukutani: "Mtumishi aurudishe ufagio pale pale alipoutoa, ukae katika hali ile ile uliyokuwa nayo, mbele ya mashahidi." Tukasimama kushuhudia mtu akiegemeza ufagio mbovu ukutani. Tulicheka wiki nzima. Tulicheka kwa sababu hatukujua ya mbele.

Ya mbele ikaja kwa barua: Mheshimiwa angetutembelea baada ya siku kumi. Bwana Marashi akakagua mtambo wote na wapambe wake watano, akafika kwenye tangi la hewa, akachungulia, akarudi nyuma.

"Hii ni nini?"

"Tope, Bosi," nikasema.

"Mheshimiwa atoke kwake aje aangalie tope?"

"Ndilo linalosafisha maji, Bosi. Lina wadudu ndani yake, wanakula uchafu."

"Mama," akasema, kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "uchafu unasafishaje uchafu? Mimi kwangu sahani naosha kwa sabuni. Sizipaki matope."

Wapambe wakacheka. Mmoja alipiga makofi kabisa, Mungu amlipe anachostahili.

Amri ikatoka hapo hapo. Matangi yamwagwe, yasuguliwe kwa dawa, yapakwe rangi ya bluu, kisha tangi la hewa lijazwe maji ya bomba yang'ae. Majitaka ya mji yapitishwe kwenye bomba la dharura, moja kwa moja mpaka bwawa la mwisho, bila kuguswa na mtu wala mdudu. "Mpaka siku mbili baada ya ugeni tu," akasema.

Nikamwambia, Bosi, hawa ukiwaua leo, kuwapata wengine wa kutosha ni wiki nyingi, pengine miezi, na huko chini kuna watu wanategemea haya maji.

"Unawaongelea utadhani ni wanao."

"Wanangu wana afadhali gani, Bosi? Hawa hawajawahi kuniomba nauli."

Hakucheka. Kesho yake magari ya kunyonya yakaja, yakaanza kulivuta tope langu na kwenda kulimwaga shimoni. Miaka ishirini na mbili, jamani! Nililia, sioni aibu kusema. Kisha nikajipangusa, nikamwita dereva wa pikapiki ninayemjua, nikajaza mapipa manne tope zito la chini, lile lenye wadudu wengi. Hiyo ndiyo mbegu. Mwenye mbegu hajafilisika.

Pale getini tuna mlinzi anayeandika kila kinachopita. Akalizunguka gari, akafunua pipa, akafunika haraka, akafungua daftari. Akaandika: "Tope, mapipa manne, fundi mama, kwenda nyumbani kwake." Akanipa kalamu nitie saini. Nikatia.

Nyumbani mume wangu alikuwa uani anakarabati kiti.

"Mama watoto," akasema, "watu wote huwa wanaleta kazi nyumbani. Lakini wewe umezidi."

"Ni siku chache tu, baba watoto."

"Wamo wangapi humo?"

"Hawahesabiki."

"Na mimi nililalamika mama yako alipokuja wiki mbili."

Nikanunua pampu nne ndogo, zile za kupulizia hewa kwenye matangi ya samaki wa mapambo, nikatumbukiza mipira yake kwenye mapipa. Chakula chao kilikuwa majitaka ya nyumba yetu wenyewe, ndoo kila asubuhi na jioni, na maziwa yaliyochacha yakipatikana. Tope likiwa na hewa halinuki vibaya, linanuka udongo uliolowa mvua. Mume wangu alinuna siku nne. Siku ya tano nilichelewa kazini, nikapiga simu nimbembeleze, akanikatiza: "Nimeshawalisha. Yule wa pipa la tatu hana hamu ya kula." Basi nikajua ameshanasa.

Siku ya Mheshimiwa ikafika. Ah, mtambo ulipendeza! Tangi la bluu, maji ya bluu, vyungu vya maua kwenye kingo, zulia kutoka getini. Gari la zimamoto lilitumwa tangu alfajiri kuja kutujazia maji; moto ungewaka siku hiyo, mji ungeuzima kwa mate. Mheshimiwa akasimama ukingoni, akatazama ndani, akatafakari.

"Sasa," akauliza, "majitaka yenyewe yako wapi?"

Nikasema leo ndiyo leo.

"Tumeyamaliza, Mheshimiwa," akasema Bwana Marashi.

Makofi! Mheshimiwa akamkumbatia. Akasema mbele ya kamera kwamba hajawahi kuona mtambo wa majitaka usio na majitaka, kwamba miji mingine itakuja kujifunza hapa, na kwamba anataka pabaki hivi hivi, pasibadilishwe kitu. Akaondoka na magari yake kumi. Kabla ya kuondoka aliomba kwenda haja ndogo, na hiyo nayo ikashuka kwenye bomba la dharura, ikaenda kwa dada yangu.

Siku mbili zikapita, nikaenda ofisini. Bosi, nirudishe majitaka kwenye tangi? Akanitazama kama ninayetaka kuchoma bendera.

"Hukusikia agizo? Pabaki hivi hivi."

Na jioni ile waraka ukabandikwa, nanukuu: "Ni marufuku kwa mtumishi yeyote kuingiza tope au uchafu wa aina yoyote katika tangi la majitaka. Atakayekaidi atafukuzwa kazi." Nikausoma mara tatu. Nikamwita fundi umeme naye ausome, nikidhani macho yangu yamechoka.

Wiki ya pili bwawa la mwisho likageuka jeusi, likaanza kutoa mapovu. Dada akanipigia simu asubuhi.

"Mdogo wangu, mmeniletea nini huku?"

Nikaenda. Matundu ya mipira ya kumwagilia yameziba kwa vitu ambavyo sitavitaja, majani ya miche yamekuwa manjano, wasaidizi wake wawili wanaharisha wamelala kwao. Na pale langoni Bwana Afya wa mji, kopo la rangi mkononi, anachora alama ya X nyekundu kubwa kuliko lango. Hakuna kuuza mche. Ndani ya siku ishirini na nane maji yawe safi, asipoyaona safi anafunga bustani moja kwa moja.

"Lakini maji si yangu," dada akamwambia. "Ni ya mtambo. Kauchore mtambo."

"Mtambo nimeukagua juzi," Bwana Afya akajibu. "Uko safi sana. Wa bluu."

Dada akaketi juu ya ndoo, akawa anauangalia ule msalaba.

Kesho yake nikajaza chupa maji ya lile bwawa, nikamwekea Bosi mezani. Akaipuliza marashi. Naapa, aliipuliza chupa! Akasema hayo ni mambo ya hali ya hewa. Nikamwambia mbegu ninayo, nipe ruhusa tu. Simu ikaita, akaipokea, akanionyesha mlango kwa kidole.

Jioni nikaenda jikoni kwa dada nikalia mpaka kamasi. Si kwa kujionea huruma. Nilikuwa na hasira, hasira ya mtu anayejua dawa na mgonjwa anamfia huku anakatazwa kuingia wodini. Kuingiza tope kwa nguvu ningeweza. Vali naifungua mwenyewe. Lakini ningefukuzwa saa ile ile, na kesho yake wangelimwaga tena.

Dada aliningoja nimalize.

"Huyo Marashi wenu anaogopa nini?"

"Haogopi kitu. Ana Mheshimiwa."

"Kila mtu ana kinachomkosesha usingizi."

"Labda kuibiwa. Yule hata ufagio mbovu..."

Kisa cha ufagio nilishamsimulia dada, na kilimchekesha mpaka akamwaga chai. Tukatazamana. Akainuka, akararua karatasi kwenye daftari la mjukuu wake.

"Andika kwa mkono wa kushoto," akasema.

Nikaandika: "Kwa Bosi. Mimi ni raia mwema. Nakujulisha kuwa fundi wako wa kike ameiba tope la serikali mapipa manne, amelificha nyumbani kwake. Angalia daftari la getini."

"Ongeza, ni mwizi wa kuzaliwa."

"Dada!"

"Ongeza. Na kwamba hana adabu kwa wakubwa zake."

"Hiyo ya nini?"

"Hiyo ni kweli, inaifanya barua iaminike."

Akaongeza mwenyewe mistari mitatu, ya mambo ya utotoni yasiyohusiana kabisa na tope, na naona hayo alikuwa nayo moyoni siku nyingi.

Barua niliisukuma chini ya mlango wa Bosi asubuhi. Saa nne nilikuwa na barua ya kuitwa kwenye kamati.

Walikaa upande mmoja: Bwana Marashi katikati, mwanasheria wa idara kulia kwake, mkuu wa utumishi kushoto, karani pembeni. Mlinzi akaletwa na daftari lake. Akasoma ule mstari kwa fahari. Naona ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwomba asome.

"Unakiri?" Bosi akauliza.

"Nakiri, Bosi." Nikainamisha kichwa.

"Kwa nini uliiba?"

"Tamaa, Bosi."

Mwanasheria akakohoa. "Samahani, hili tope si ndilo tulilokuwa tunalimwaga shimoni?"

"Kulimwaga ni uamuzi wa ofisi," Bwana Marashi akasema. "Kulichukua ni wizi. Mali ya umma ni mali ya umma! Leo tope, kesho mtabeba nini? Hili ni tope la wananchi!"

Hapo tu, katika utumishi wake wote kwetu, alisema jambo la kweli.

Akahutubia nusu saa. Mimi nililia kidogo, kwa adabu. Kisha akatoa hukumu, ile ile ya ufagio, maana alikuwa nayo moja: nilirudishe tope lote, pale pale nilipolitoa, likae katika hali ile ile liliyokuwa nayo, mbele ya mashahidi. Na barua ya onyo iingie kwenye faili langu.

"Nashukuru, Bosi," nikasema. "Naomba niandikiwe, nisije nikakosea mara ya pili. Nililitoa kwenye tangi la hewa."

"Mwandikie: tangi la hewa."

"Na hali yake, Bosi, sitaki nije nishtakiwe limepungua. Lilikuwa linapuliziwa hewa na kupitishiwa majitaka, mchana na usiku."

Mwanasheria akaniangalia. Akamwangalia Bosi. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akajifanya anatafuta miwani yake. Mtu yule namwombea dua mpaka leo.

"Andika," Bosi akamwambia karani. "Mchana na usiku. Piga mhuri."

Siku hiyo hiyo mapipa yakarudi. Mume wangu alikuja nayo mwenyewe, akasimama ukingoni kama mzazi anayepeleka mtoto bweni. Mlinzi akaandika: "Tope, mapipa manne, limerudi salama." Tukapunguza yale maji ya maonyesho, tukamwaga mbegu, nikafungua vali ya majitaka kidogo kidogo, maana wadudu wachache ukiwashibisha ghafla unawaua. Mashine ya hewa ikanguruma. Nilikuwa sijausikia ule mngurumo kwa wiki tatu, nikasimama tu nikausikiliza.

Siku ya sita tangi lilikuwa kahawia mpaka kwenye vyungu vya maua. Bwana Marashi akaja mbio, leso mkononi, anapiga kelele nani kathubutu, nani. Nikampa karatasi. Akasoma hukumu, akasoma saini, akasoma mhuri. Saini ilikuwa yake. Akaipuliza marashi, akanirudishia.

Siku ya kumi na tisa maji ya tangi la pili yalianza kutoka meupe. Tukalivuta lile bwawa jeusi, tukalijaza upya. Siku ya ishirini na saba, bado siku moja, Bwana Afya akapima maji kwenye bomba la dada, akapima tena, akasema, "Ajabu." Akaleta kopo la rangi ya kijani afunike ile X. Dada akamnyang'anya brashi, akampa jiwe na maji.

"Sugua," akamwambia. "Uliichora wewe."

Akaisugua mpaka adhuhuri.

Kwenye faili langu sasa mna barua: onyo kali kwa wizi wa tope. Nikistaafu nayo itastaafu nami. Na ofisini kwa Bwana Marashi kuna cheti cha raia mwema, kwenye fremu, mahali pa jina pako wazi. Kila kikao anatangaza kwamba aliyeandika ile barua ajitokeze, asiogope, atapewa mkono. Dada anataka kwenda kukichukua. Anasema mistari mizuri yote ilikuwa yake.

Juzi nilirudi nyumbani nikamkuta mume wangu uani, mikono ya shati imekunjwa, anasugua mapipa.

"Ya nini tena?"

"Hukusikiliza redio? Miji saba inakuja kwa Bosi wako kujifunza namna ya kumaliza majitaka." Akalipindua pipa, akamwaga maji machafu kwenye shimo la bomba. "Mapipa manne hayatatutosha, mama watoto."